Sifuri Upande wa Pili

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu ambacho jina lake ndilo lililozaa neno aljebra, aliigawa milinganyo katika sampuli sita, kwa kuwa hakukubali namba hasi; na ule mlinganyo wake mashuhuri, mraba pamoja na vipeuo kumi sawa na 39, ulimpa jawabu moja tu, nalo ni 3. Sisi leo huihamisha 39, tukaandika x² + 10x − 39 = 0, na mara sampuli zote zenye mraba huwa moja, na jawabu la pili, −13, lililokuwamo tangu hapo, hudhihirika.

Je, umbo hilo tumelibuni, au tumelikuta? Naamini kwa yakini tumelikuta. Tazama 2x(x − 3) = 2x² + 5: dhahiri yake ni mlinganyo wa kipeo cha pili, lakini ukifungua mabano na kukusanya vyote upande mmoja, miraba hufutana, ikabaki −6x − 5 = 0, wala hakuna rai ya mwanadamu iliyoingia hapo.