Wajibu wa Mwenye Nakala

Ujumbe unaopelekwa kwenye kikundi cha majadiliano cha Usenet hauna makao maalumu. Mfumo huo, uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, huenda kwa kunakili: seva moja hupokea ujumbe, huwapa jirani zake, nao huusukuma mbele, mpaka kila seva inayobeba kikundi hicho iwe na nakala yake. Msomaji naye akiupakua kwa programu yake ya kusomea, huongeza nakala nyingine kwenye diski yake. Hakuna nakala iliyo asili kuliko nyingine. Kwa hiyo diski inapojaa na programu ikauliza kifutwe nini, swali linalozuka si la ufundi peke yake. Je, aliyeweka maneno ya mwenzake ana wajibu wowote juu ya maneno hayo, au ni yake kuyatupa apendavyo?

Kabla ya kulijibu, ni vyema kuangalia kufuta kwenyewe kunavyofanyika. Programu nyingi hupakua kwa awamu mbili. Kwanza huja kichwa cha ujumbe, yaani jina la mwandishi, mada na tarehe. Maandishi yenyewe huja pale tu msomaji anapoufungua. Mtu anaweza basi kuondoa maandishi na kubakiza vichwa, akawa anajua kwamba fulani alisema jambo siku fulani, lakini hajui alisema nini. Tena, katika programu za zamani kama Outlook Express, ujumbe uliofutwa haukuondoka papo hapo. Uliwekewa alama tu kwamba haupo, na nafasi yake kwenye diski ilibaki imekaliwa mpaka faili zima lishindiliwe upya. Watumiaji wengi walishangaa kuona wamefuta maelfu ya jumbe na diski haikupata nafuu yoyote. Wanafalsafa wangefurahia mshangao huo, kwa sababu unaonyesha kwamba kusahau na kuangamiza ni mambo mawili. Kilichotolewa kwenye orodha hakionekani, lakini kipo. Baada ya kushindilia ndipo kinapokwisha.

Wapo wanaotetea kufuta, na hoja zao ni nzito. Plato, katika Phaedrus, anamweka Socrates asimulie habari za mfalme Thamus wa Misri aliyeikataa zawadi ya maandishi, akihofu kwamba watu wataacha kukumbuka kwa kuwa kumbukumbu yao itakuwa nje yao. Mwanafalsafa Nietzsche mwaka 1874 alikwenda mbali zaidi: asiyeweza kusahau hawezi kuishi. Kwa mtazamo huo, diski iliyojaa jumbe zisizosomwa haina kumbukumbu yoyote ndani yake; ina shehena tu. Wasimamizi wa seva hawakuhitaji falsafa kufika hapo. Nafasi ilikuwa ghali, kwa hiyo kila ujumbe ulipewa muda wa kuishi, mara nyingi siku au majuma machache, kisha ukafutwa. Waandishi wa miaka ya 1980 waliandika wakilijua hilo, na wengi waliandika kama wanaopiga soga.

Dini ya Kiyahudi inatoa jibu la upande wa pili. Kwa mujibu wa sheria yake, andiko lenye jina la Mungu halitupwi hata likichakaa. Katika sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya kale, karatasi za namna hiyo zilirundikwa katika chumba maalumu kwa karne nyingi, na pamoja nazo zikaingia barua za wafanyabiashara, risiti na mikataba. Mwanazuoni Solomon Schechter alipozipeleka nyingi Cambridge mwaka 1897, wanahistoria walipata humo hata barua za biashara ya Bahari ya Hindi kati ya Aden na India. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba hakuna aliyezichagua. Zilipona kwa uchaji, si kwa sababu mtu aliona thamani yake. Anayefuta kwa kuchagua huchagua kwa macho ya leo, na macho hayo hayajui kesho itauliza nini.

Usenet nayo ilikuwa na chumba chake. Henry Spencer, katika idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, alihifadhi jumbe kwenye kanda za sumaku kuanzia 1981 hadi 1991. Jumbe hizo zilikuwa takriban milioni mbili, na mwaka 2001 Google iliziweka hadharani. Bila kanda hizo, sehemu kubwa ya muongo wa kwanza wa mazungumzo hayo ingepotea, kwani kila seva ilifuta ikidhani pengine wengine wanazo. Ugumu wa kimaadili uko hapo. Kufuta nakala moja kati ya elfu si kosa. Kufuta ya mwisho ni kuangamiza. Na anayefuta hana njia ya kujua yuko wapi kati ya hizo mbili.

Lakini kuna haki ya aliyeandika. Wale waliopiga soga mwaka 1983 kwa majina yao halisi walijikuta wakitafutika mwaka 2001. Mstari wa X-No-Archive, ambao mwandishi huuweka katika kichwa cha ujumbe kuomba usihifadhiwe, ulikuja baadaye, na hauzuii maneno yake kunukuliwa katika majibu ya wengine. Hata hivyo madhara yaliyowapata hayakuletwa na Spencer kuziweka kanda, bali na kuwekwa mbele ya kila mpitaji. Kutunza na kutangaza visichanganywe: la kwanza laweza kuwa wajibu, la pili linahitaji ruhusa.

Msomaji wa kawaida basi yu huru kufuta vikundi vinavyobebwa na seva nyingi. Aliyebaki na jumbe za kikundi kilichokufa hana uhuru huo. Inampasa aulize kwanza kama kuna mwingine aliye nazo, ndipo ashindilie faili. Tangu Februari 2024 Google Groups haipokei tena jumbe mpya za Usenet, na kilichoandikwa baada ya hapo kinategemea seva zilizobaki na diski za wasomaji wenyewe.