Inawaka

Mashine inaweza kuwaka na bado ikawa mbovu. Mafundi wanalijua hilo kuliko wanafalsafa, kwa sababu kila siku wanashughulika na mashine iliyopona na mashine iliyotulizwa tu mpaka mteja atoke getini.

Yangu ilikuwa ya kukata nyasi, kuukuu, niliyoinunua kwa bei ya kilo kutoka kwa mtu wa vyuma chakavu. Plagi ilitoa cheche. Oili ilikuwepo. Nilisafisha tangi, nikatia petroli mpya, nikavuta kamba, ikawaka. Lakini mngurumo ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, kama mtu anayehema baada ya kukwea mlima.

Dalili hiyo husomeka. Ndani ya kabureta, hewa hupita kwenye koo jembamba. Ikibanwa huenda mbio, mgandamizo wake hushuka, na petroli hufyonzwa kutoka kwenye kikombe cha chini kupitia jeti, kitundu chembamba sana. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote, inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Sasa, petroli iliyoachwa muda mrefu hukauka na kuacha utando unaonata kama gundi. Jeti ikiziba nusu, injini hupata hewa nyingi na mafuta kidogo: inazama, kidhibiti mwendo kinaifungulia njia, inaruka juu, kinaifunga, inazama tena.

Kuna jaribio rahisi la kuthibitisha. Unavuta choki nusu, hewa inapungua, mafuta yanavutwa kwa wingi zaidi. Mngurumo ukitulia, ujue injini ina njaa ya mafuta: ama jeti imeziba, ama kuna hewa inayopenya pembeni, labda kwenye gaskiti iliyochoka. Nilivuta. Ikatulia kabisa.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Kitendo kilekile kinachofichua ugonjwa ndicho kinachouficha. Acha choki hapohapo nusu, mwite mnunuzi, vuta kamba: atasikia injini nzima. Hutakuwa umetamka neno moja la uongo.

Na mnunuzi alikuwepo, kijana anayefyeka nyasi kwenye nyumba za watu kwa fyekeo la mkono, aliyekuwa ameweka akiba ili aongeze kasi. Swali lake lilikuwa moja: “Kaka, inawaka?” Ningemjibu “inawaka”, na ingekuwa kweli.

Jambo hili ni la zamani kuliko injini. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria wa Roma, aliandika kuhusu mtu anayeuza nyumba huku akijua kwamba mbao zake ni mbovu na vyumba vina nyoka. Je, lazima aseme? Alieleza ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba kunyamaza si kuficha: sheria ikitaka useme, sema, zaidi ya hapo, mnunuzi ana macho. Antipater aliona kwamba kumwacha mwenzako apotee njia huku unaijua ni kumdhulumu. Cicero alisimama na Antipater.

Nami nasimama hapo, ingawa hoja ya Diogenes ina nguvu sokoni kwetu. Aliyeniuzia chuma hicho hakunieleza lolote, wala simlaumu: aliuza uzito, na uzito ulikuwa sahihi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nimevuta choki. Ukishajua, “sijui” yako imekufa.

Ndiyo maana wapo wauzaji wasiopima kwa makusudi. Wanaacha mtihani ili “sijui” yao ibaki safi. Huo nauona ni ujanja mbaya kuliko uongo wa wazi, kwa sababu mwongo angalau anajua anachokificha. Huyu anajificha hata yeye mwenyewe. Kiswahili kina neno la kutusaidia hapa. “Aibu” tuliipata kutoka Kiarabu, na huko neno hilo hubeba pia maana ya kasoro, pamoja na kasoro ya bidhaa. Kasoro ya kitu, ikinyamaziwa na anayeijua, huhamia kwake.

Lakini je, useme nini pale unapojua nusu? Nilifungua kabureta, nikazibua jeti kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, kwa kuwa sindano ya chuma ingeweza kuipanua. Kupanda na kushuka kulipungua, hakukuisha. Basi nikamwashia choki ikiwa wazi, asikie mwenyewe. Nikamwambia: jeti nimesafisha, nashuku gaskiti, sijathibitisha, ukiiendesha hivi muda mrefu injini itapata joto kupita kiasi.

Alisikiliza, akashusha bei sana, akalipa, akaisukuma mashine barabarani.

Sitakwambia kwamba ukweli unalipa. Siku ile haukulipa. Ulinigharimu faida karibu yote. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi: kijana yule aliondoka na mashine mbovu akijua ni mbovu, na wapi pa kuanzia kuitengeneza. Gaskiti anaweza kuikata mwenyewe kwa karatasi ngumu. Uongo wangu asingeweza kuukarabati, kwa sababu asingejua kwamba upo.