Nembo Shingoni, Deni Kikobani

Palikuwa na kijana Usagara, Mwanza, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo na Busisi, aliyeijua Simba kuliko alivyozijua hesabu za duka lake la vifaa vya simu. Simba ikija uwanja wa CCM Kirumba, duka halifunguliwi. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Mapenzi ya mpira yanalisha watu wengi, wauza jezi wakiwa wa kwanza. Yeye aliyafanya mapenzi yake kuwa kipimo cha soko.

Mwaka 2023, Simba na Yanga zilipokaribia kukutana, alimwomba mama yake amkopee kwenye kikoba. Akaagiza mikufu na vidani vya fedha vyenye nembo ya Simba. Bei ilikuwa ndogo mno, naye akaiona ni bahati. Jumapili ya tarehe 5 Novemba Yanga wakashinda 5-1. Kesho yake, shabiki gani wa Simba angekatiza stendi ya Nyegezi na nembo hiyo shingoni?

Kipigo husahaulika, mpira hauishi leo. Kilichommaliza ni mzigo wenyewe. Walionunua kwa huruma walirudi wakijikuna, shingo zimetoka vipele. Akapanda daladala kwenda mjini kwa sonara.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Lete tuone.”

Mkufu ulikuwa na gramu 26. Mzee akaufunga uzi, akauning'iniza kwenye mizani ukiwa umezama majini. Ukapungua gramu 3. Fedha halisi ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha, ingepungua gramu 2 na nusu tu, kwa sababu ni nzito zaidi.

“Hii ni shaba, nikeli na zinki. Fedha hamna humu. Nikeli ndiyo inayowawasha wateja wako.”

“Lakini imegongwa 925, mzee!”

“Mhuri hata mimi naweza kukugongea sasa hivi.”

Uingereza iliona hatari hiyo mapema: tangu mwaka 1300 sheria ilitaka fedha ipimwe kwanza ndipo igongwe alama ya kichwa cha chui. Kijana wetu aliamini alama bila kuuliza nani kapima. Tena hata kama fedha ingekuwa halisi, nembo ni mali ya klabu. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na ushabiki si kibali.

Linaloniuma mimi ni deni. Kikoba hakina habari na matokeo ya uwanjani; wanachama walitaka pesa yao siku ya mzunguko. Mama aliuza mpunga aliouweka kwa ajili ya masika, akalipa. Hakumsema mwanawe.

Wewe mwenye wazo kama lake, usiliache. Pamba Jiji ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, na Mwanza ina watu wanaotaka kuvaa fahari yao. Iandikie klabu barua upate ridhaa ya maandishi, au chora nembo ya kwako, sangara na mpira, uisajili BRELA. Chukua oda na malipo ya awali kabla hujaagiza. Agiza kipande kimoja, kipeleke kwa sonara kikapimwe mbele yako. Na pesa ya kikoba cha mama, iache kikobani.