Kununuliwa kwa Ajili ya Mungu

Mwaka 595 Papa Gregori Mkuu alimwandikia padre Candidus, aliyekuwa akielekea nchi ambayo leo ni Ufaransa kusimamia mashamba ya Kanisa la Roma. Alimwagiza kwamba mapato yatumike kununua nguo za maskini, na pia kununua vijana wa Kiingereza wa miaka 17 au 18, wakalelewe katika monasteri na kutolewa kwa Mungu. Kwa kuwa walikuwa wapagani, padre asafiri nao, ili atakayeugua njiani abatizwe kabla hajafa. Miaka miwili baadaye Agostino na wamonaki wenzake walifika Kent. Abasia waliyoianzisha nje ya kuta za Canterbury ilidumu hadi mwaka 1538, Mfalme Henry VIII alipoifunga.

Sisi Wakristo wa Morogoro tukisikia habari hiyo tusidhani ni ya mbali. Kanisa letu nalo limetoka sokoni.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakaanza misheni Bagamoyo. Walinunua watumwa, wengi wao watoto, wakawakomboa. Hawakuwa wamonaki, lakini maisha pale yaliendeshwa kwa kengele kama katika abasia: sala, shamba, shule, ufundi, na sala tena. Watoto walipokua waliozwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji cha Kikristo. Kisha baadhi ya jozi hizo za vijana zilipelekwa bara pamoja na mapadre, Mhonda mwaka 1877, na katika miaka ya mwanzo ya 1880 hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mbegu ya imani yetu ilipandwa na watu ambao hawakuchagua kuja.

Je, walikuwa huru?

Tusiwe wepesi kujibu. Wapo wanaosema mapadre walibadilisha tu bwana mmoja kwa mwingine, huyu akiwa na rozari mkononi. Ni kweli kwamba wengine walitoroka misheni, na mtu hatoroki mahali anapojiona yuko kwake. Lakini aliyekombolewa angekwenda wapi? Mluguru anajua uzito wa swali hilo kuliko wengi. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na shamba ni la ukoo. Mgeni akifika kijijini huulizwa kwanza lukolo lake. Mtoto aliyeibwa ng'ambo ya maziwa, akauzwa mara tatu, akasahau hata jina la mto wa kwao, hana jibu. Kumfungulia mlango na kumwambia nenda zako, uko huru, kungekuwa kumrudisha kwa wafanyabiashara kabla jua halijazama. Misheni ilimpa kitu kinachofanana na ukoo. Sisi hatuwezi kuwahukumu waliotoa fedha zao na miili yao kwa ajili hiyo. Makaburi ya Bagamoyo yamejaa wamisionari waliokufa wakiwa bado vijana.

Hata hivyo kuna deni lililobaki. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, anaagiza kwamba anayetaka utawa asomewe Kanuni yote, si mara moja bali mara tatu katika muda wa mwaka mzima, na aambiwe kwamba akiweza kuishika aingie, asipoweza aondoke akiwa huru. Kwa mtu mzima anayebisha hodi, mlango wa monasteri una pande mbili. (Benedikto huyohuyo aliruhusu wazazi kumtoa mtoto mdogo bila yeye kuulizwa, kwa hiyo tusimfanye malaika.) Vijana wa Candidus hawakubisha hodi, wala wale wa Bagamoyo. Hata katika waraka kwa Filemoni, Paulo anajali sana kwamba Filemoni atende wema kwa hiari, lakini sauti ya Onesimo mwenyewe hatuisikii popote.

Kukomboa kulikuwa haki. Kutomuuliza aliyekombolewa, hata baada ya kukua, hata siku ya kumchagulia mke au ya kumhamishia Mhonda, hakukuwa haki, na jambo la kwanza halifuti la pili. Mungu aliweza kuvuna hapo imani ya kweli, maana wengi walibaki wakaisali na kuifundisha, na sisi tu matunda yao. Neema haihalalishi kila njia iliyopitia.

Tunaandika haya kwa sababu jambo lenyewe halijaisha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema wazi kwamba anayeingia unovisi kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila, hajaingia kihalali. Lakini ndugu msomaji, tutazame nyumbani kwetu. Mama alimwekea nadhiri mtoto wake wa kiume akiwa bado tumboni. Binti anapelekwa kwa masista kwa kuwa karo imeshindikana na kule atasoma. Kijana wa seminari anayerudi mwezi wa pili na sanduku lake hukuta kimya kwenye meza ya chakula, na jirani anayeuliza amefanya kosa gani. Hakuna fedha iliyohesabiwa sokoni, lakini kijana anajua amelipiwa.

Katika baadhi ya familia zetu huko milimani, tumeanza utaratibu mdogo. Usiku kabla kijana hajaondoka, mjomba wake humwita pembeni, peke yao, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Humuuliza kama anataka kwenda. Akisema ndiyo, humpa nauli ya kurudi, akaishonee ndani ya begi, na kumwambia kwamba akiitumia hakuna atakayemuuliza kitu.