Dinari Mbili za Msamaria

Someni tena Luka 10. Msamaria alifunga jeraha za yule mtu, akampandisha juu ya mnyama wake. Walakini hakukoma hapo. Kesho yake alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akajifunga kulipa kitakachozidi. Mbona Luka ataja fedha? Maana huruma tupu ingalimfikisha majeruhi mlangoni tu.

Sisi wa Nyamagana twauona mlima wa Bugando kila siku, na juu yake hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. I karibu na macho yetu, lakini si karibu na kila mfuko. Mama mmoja wa usharika wetu, mchuuzi wa dagaa, alificha uvimbe wake miezi saba, akiogopa gharama kuliko maradhi. Alipofariki, tulichanga jeneza na chakula cha matanga kwa siku moja, nami nalisimama kaburini nikausifu ukarimu wenu. Naona haya hata leo.

Katika CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu 6 ilitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Jeneza lile peke yake lingalizikatia bima kaya ngapi? Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nasi twashukuru; bali sheria haipigi hodi kwa mjane. Wazee wa mitaa wamjua nyumba yake. Basi na walete majina Jumapili ya kwanza ya mwezi, wenyewe wangali wazima.