Fahali Abebaye Dunia

Masimulizi ya kale ya India yalisema dunia imebebwa na fahali. Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini ya Usikh, katika Japji, utenzi unaofungua Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh, hakumfukuza mnyama huyo. Alimpa jina jingine: fahali ni dharma, yaani uadilifu, mwana wa huruma. Kisha akamhoji. Amebeba mzigo kiasi gani? Ng'ambo ya dunia hii ziko nyingine, na nyingine tena. Uzito wa zote hizo unashikiliwa na nguvu gani? Mbele kidogo anataja mbingu na kuzimu kwa malaki, hadi hesabu inamshinda mhesabuji. Wapo wanaotafuta humo ramani ya anga, hata utabiri wa darubini. Mimi naona wanaliruka swali lenyewe, la nguvu inayoushikilia mzigo.