Kisicho na Sukari si Kisicho na Madhara

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: ndugu zetu, katika darsa kijana mmoja alituuliza: "Sheikh, daktari amenikataza soda kwa ajili ya sukari. Sasa nanywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu visivyo na sukari, mikebe miwili kila usiku, nipate kukesha kazini. Je, nina kosa?" Twaona jawabu yafaa iwafikie wengi, kwani mikebe hii imejaa madukani mwetu na mikononi mwa watoto wetu.

Kwanza, hatukusudii kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka, na marufuku ile haikudumu. Leo ni nani katika sisi watu wa pwani asiyeijua kahawa? Lakini halali nayo ina mipaka yake.

Sukari imeondolewa, tumekubali. Je, kilichobaki ni nini? Mkebe mdogo wa mililita 250 kwa kawaida huwa na miligramu 80 za kafeini, nayo ndiyo iliyomo katika kahawa. Mkubwa wa mililita 500 huwa na 160. Kafeini haipungui kwa kuondolewa sukari. Na asidi ya kinywaji hicho hula meno vile vile. Ama vitamu vilivyotiwa badala ya sukari, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri visifanywe njia ya kupunguza uzito, kwani halikuona faida yake ya muda mrefu.

Na hizo nguvu zatoka wapi? Nguvu za mwili hutoka katika chakula, na mkebe usio na sukari hauna chakula ila kidogo mno. Kazi ya kafeini ni kuuzuia ubongo usipate habari ya uchovu. Mwili umechoka, ila mjumbe wake amefungiwa mlango. Huo ni mkopo, na mdai atakuja. Anywaye mkebe mkubwa saa tisa za usiku, ifikapo saa mbili za asubuhi, wakati wake wa kulala, yapata nusu ya kafeini ile ingalimo mwilini, sawa na mkebe mdogo mzima. Basi hulala usingizi wa mang'amung'amu, na usiku wa pili huhitaji mkebe zaidi. Moyo humwenda mbio, presha hupanda, na siku aukosapo kichwa humgonga. Ramadhani hudhani ni saumu inayomuumiza, kumbe ni mkebe.

Wataalamu wa Ulaya mwaka 2015 walieleza kuwa mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, na mwenye mimba 200. Mtoto ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtoto wa kilo 25 akinywa mkebe mdogo mmoja tu amekwisha kuupita mpaka.

Bwana Mtume (s.a.w.) alipopata habari kuwa Abdullah bin Amr akifunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake pia. Ikiwa kukesha kwa ibada kuna mpaka, sembuse kukesha kwa mkebe?

Basi ewe kijana wetu, kuitafutia riziki jamaa yako ni jambo la thawabu. Ila ulipe deni la usingizi kwa usingizi: ulale mchana, na ukihitaji, kikombe cha kahawa mwanzo wa zamu chatosha. Usiuchanganye mkebe na miraa. Mwenye maradhi ya moyo au presha amuulize daktari kwanza. Nanyi wazazi, msiwape watoto mikebe hii kwa kuwa tu imeandikwa haina sukari.

Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Wabillahi taufiq.